Nyumba Saba Chini ya Njia ya Ndege

Siku ya hitima ya mdogo wangu Athumani, Mwenyezi Mungu amrehemu, wifi yangu Zena aliisimulia tena ile hadithi. Zena ni dada wa marehemu mume wangu. Macho yamemwisha, miguu haimchukui, lakini mdomo ungali mzima, na kila akifa mtu humtafutia hadithi yake moja njema. Ya Athumani ni hii: kwamba mwaka wa tisini na sita, nilipokuwa ndani ya eda ya mume wangu Bakari, shoga yangu Saumu aliungua moto akafa, na Athumani akanificha jambo hilo hadi eda ikaisha, kwa huruma, hata akaiharibu kazi yake mwenyewe kwa ajili ya kunificha. Wanawake waliokuwa uani wakichambua mchele wakatikisa vichwa. "Ndugu ndio hao," akasema mmoja. Mke wa mjukuu wangu, msichana wa juzi tu, akanigeukia. "Kweli, bibi, hukujua? Muda wote huo?" Nikamwambia achambue mchele, mawe hayajitoi yenyewe. Hilo ndilo jibu nililompa. Lakini hadithi ya Zena ina tundu, na tundu lenyewe ni mimi. Nilijua. Nilijua tangu siku ya pili. Athumani ameingia kaburini akiamini alinificha, na sasa sina wa kumwambia isipokuwa daftari hili. Skuli nilifika darasa la tatu, na chuo cha Kurani nikakhitimu. Kuandika kwangu ni kwa polepole. Lakini majina sisahau, na mwaka ule naukumbuka siku kwa siku.

Bakari aliumwa tumbo Jumatatu, Alhamisi akazikwa. Wanaume walimbeba wakaenda naye, nikasikia kalima ikipungua njiani mpaka haikusikika tena, na Zena akanivua bangili. Nilikuwa na miaka arobaini. Nikavikwa nyeupe, nikawekwa chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Changamwe, upande wa Magongo, nikaambiwa miezi minne na siku kumi: hutoki, hujipaki wanja, hujifukizi udi, huonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wako. Nikasema haya. Watu waliokuja kunipa pole walisema nimejikaza. Sikujikaza, hapakuwa na cha kukaza. Umewahi kuukalia mguu vibaya, ukaugusa ukawa kama wa mtu mwingine? Basi mimi nilikuwa mguu huo mwili mzima. Nikila, naona mkono unakwenda kinywani. Nikisali, nasikia sauti inasoma. Zena aliniletea mbaazi na mahamri, nikala, akaniuliza kama chumvi imetosha, nikashindwa kumjibu kwa sababu sikujua.

Siku ya tisa au ya kumi alikuja Athumani na mkokoteni. Yeye na mimi tulipishana miaka miwili, na kwa kuwa ni ndugu yangu wa tumbo moja aliruhusiwa kukaa nami. Mkewe alikuwa amemwacha, na kampuni aliyoifanyia kazi pale uwanja wa ndege, ya kupakua mizigo na kuongoza ndege zikiegeshwa, ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Chumba alichopanga hakikuwa na stima. Nyumba yetu ilikuwa nayo, Bakari aliihangaikia sana. Wakashusha kitu kikubwa kimefunikwa shuka, wakakiingiza chumba cha mbele, na Zena akakizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hili ni friji?"

"Ni kompyuta, dada Zena."

"Inapika?"

"Haipiki."

"Inafua?"

"Haifui."

"Basi itakula tu. Ikila stima ya mjane, utailisha wewe."

Athumani akacheka peke yake. Alikuwa mtu wa kucheka peke yake.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Sikuuelewa siku ya kwanza, na wengi mpaka leo wakisikia hudhani ni wa watoto. Wanaocheza ni watu wazima, alinieleza, wako Ulaya na Amerika, wengine ni marubani hasa, wengine ni makarani ambao hawakuwahi kupanda ndege. Mtu hukaa nyumbani kwake mbele ya kioo, akaruka kutoka mji wake akatua mji mwingine. Mchezo ulipouzwa ulikuja na Mombasa yake, na Mombasa yenyewe ilikuwa hivi: barabara ya kutulia ndege, bahari ya buluu upande mmoja, na kote kwengine kijani kitupu kama kitambaa cha meza. Hapana nyumba hata moja. Hapana Magongo, hapana Chaani, hapana minazi. Kwa hivyo kukawa na mafundi wanaotengeneza nchi na kuziongeza juu ya mchezo, na wanaocheza huzinunua ili wakishuka waone wanachokiona marubani wa kweli. Athumani aliona habari hiyo ndani ya jarida alilolisahau abiria. Akajifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa ubishi wake. Mandhari, ndivyo alivyoiita kazi nzima. Na ile picha inayovikwa juu ya ardhi tupu ili ionekane ni majani au mchanga au bati, aliiita ngozi. Alimbembeleza rubani mmoja wa ndege ndogo akampakia, akapiga picha filamu mbili nzima, akaenda mjini kwa mtu mwenye mashine ya kuzitia kwenye diski. "Sasa naivisha Changamwe ngozi," akaniambia.

Nilianza kukaa naye kwa sababu chumba cha mbele kilikuwa na upepo. Zena hakupenda. "Eda gani hii? Mtu amefiwa, anaruka angani!" Akamtuma mtu kwa mke wa mwalimu wa chuo akaulize, na jibu likarudi kwa swali: mwili wake uko ndani au uko nje? Zena akanuna siku mbili. Basi nikawa nakaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, natazama. Siku moja kwenye kioo nikamwona mbuzi mweupe amesimama karibu na barabara. Mbele kidogo mbuzi mweupe. Nyuma ya nyumba, mbuzi mweupe. Changamwe nzima ina mbuzi mweupe kila hatua ishirini.

"Athumani, mbuzi huyu ni wa nani?"

Akasogeza uso kwenye kioo. "Lo! Yumo ndani ya picha. Nimekata kipande kimoja cha ardhi nikakitandaza kote. Sikumwona."

"Ni kama leso," nikamwambia. "Chapa inajirudia. Fundi mzuri haonyeshi kipande kinapokutana na kipande." Akamfuta mbuzi. Kisha akanionyesha nyumba aliyoijenga, ukuta wa udongo na paa la makuti, akijivuna. Mimi nimesuka makuti ya kuuza tangu vidole vyangu vilipopata nguvu ya kukunja jani. Nikaitazama. "Umeezeka kichwa chini. Ncha za makuti zinatazama juu. Mvua ya kwanza tu hao watu wataogea kitandani." Akageuza. Nikamwambia na rangi si moja: makuti mapya ni kama chai ya maziwa, ya mwaka wa pili ni majivu, ya mwaka wa nne ni meusi, nayo hayakai pamoja mtaa mzima kwa sababu watu hawaezeki siku moja. Akachukua karatasi akaandika. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza.

Ndipo nilipojua kwamba kazi ile haikuwa mchezo kwake. Kulikuwa na watu ng'ambo waliokuwa wakikusanya mandhari na kuzitia kwenye diski za kuuza. Aliwaandikia, wakamjibu. Barua alikuwa ameibandika ukutani kwa utepe, na alinisomea kwa Kiswahili. Wakiipenda Mombasa yake watampa na viwanja vingine vya pwani avifanye: Malindi, Ukunda, Lamu, pengine na Zanzibar. Kazi ya miaka. Sharti lilikuwa moja, iwe kweli. Walikuwa na rubani wao anayeleta watalii Mombasa, yeye ndiye atakayekagua, na zaidi ya yote atatazama zile nyumba zilizo chini ya njia ya ndege kabla ya kugusa ardhi, kwa kuwa rubani hupimia hapo kwa macho. "Dada, mtu mwenye miaka thelathini na minane hapewi kazi tena mji huu," akasema. "Hii ndiyo iliyobaki." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayetaja bei ya mkaa.

Nyumba zilizo chini ya njia ya ndege nilizijua. Ni safu moja tuliyoiita Kwa Hamadi, karibu na ukuta wa uwanja, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka kwetu. Nyumba saba. Athumani aliweka kidole kwenye kioo, mimi nikataja. Ya kwanza Mzee Hamadi mwenyewe, ya makuti meusi. Kisha Bi Mwanatumu, mkunga. Kisha Charo na mkewe Kadzo, bati nusu na makuti nusu kwa kuwa pesa za bati ziliisha. Kisha Ali fundi baiskeli. Kisha Bi Riziki wa mahamri. Ya sita imefungwa, mwenyewe Mwinyi amehamia Jomvu. Ya saba ya Saumu. Saumu na mimi tulisuka makuti pamoja miaka kumi na minane. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwanya, na ndege ikipita juu yake hainyamazishi maneno yake, huyaendeleza akipiga kelele, na ikishapita wewe umekosa nusu na yeye hataki kurudia. Mwezi mmoja kabla ya Bakari kufa tulimwezekea upya. Makuti yale mimi nimeyasuka nusu yake. Katika eda alikuja kila Jumatano, hanipi pole, ananisimulia nani amegombana na nani.

Moto ulikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri, mwezi wa pili wa eda yangu. Nilikuwa uani nakuna nazi. Nikanusa moshi nikauona pia, mweusi, umesimama upande wa uwanja wa ndege. Zena akaja kutoka nje, akanishika bega akaniingiza ndani, akafunga dirisha. Nikamuuliza nini. "Wanachoma taka," akasema. Athumani hakuwapo. Alirudi karibu na magharibi, suruali imejaa masizi mpaka magotini, akaingia bafuni akakaa humo mpaka maji ya pipa yakaisha. Nilikuwa nimepika muhogo wa nazi. Akasema ameshiba. Akawasha kompyuta, akakaa mbele yake, wala hakugusa kitu.

Asubuhi yake walikuja wanawake wengi. Watu wa kunipa pole walikuwa wamepungua kitambo, lakini siku ile ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa chumbani, mlango una pazia tu. Nikamsikia Bi Riziki akisema hakutoa hata sahani, amebaki na kikaango kwa kuwa kilikuwa mkononi. Mtu akauliza upepo ulitoka wapi hata moto ukala nyumba zote saba. Mwingine akasema makuti ya Saumu ndiyo yaliyoshika upesi, ni makavu na mapya. Kisha Zena, kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya Zena ni ya juu ya mtu mwingine: "Msimwambie Mishi. Mtu wa eda habebeshwi maiti wawili. Akiuliza, Saumu amekwenda Kwale kumuuguza mamake." Mmoja akasema, "Maskini, kumbe alishatoka. Alirudi kwa ajili ya cherehani." "Nyamaza," akasema Zena.

Nilikuwa nimeshika shuka. Nikaikunja pembe kwa pembe, nikaikunja tena, nikaiweka juu ya zile nyingine. Nilingojea kitu kije, hakikuja. Nikaona kwenye ukingo wa shuka uzi umechomoza, nikaukata kwa meno. Kisha nikatokea ukumbini, nikawaamkia wakubwa, nikakaa. Nami nikasema, "Jana Saumu hakuja. Ana nini?" Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini niliuliza. Pengine nilitaka mtu aseme. Pengine nilitaka kuhakikisha kwamba hawatasema. Zena akanitazama usoni, macho makavu, akasema, "Amekwenda Kwale, mamake mgonjwa." Nikasema, "Mungu amponye." Wakaitikia amin, ukumbi mzima.

Baada ya hapo nikarudi mkekani chumba cha mbele. Ndani ya kioo nyumba saba zilikuwa zimesimama, hazijui lolote. Athumani alikuwa hajanyoa ndevu. Nikamwambia, "Nyumba ya Saumu umeweka makuti ya majivu. Yake ni mapya." Mkono wake ukasimama juu ya kile kipanya.

"Dada, nyumba ile inatosha."

"Haitoshi. Ulisema iwe kweli."

Akabadilisha rangi. Siku ya pili nikamwambia Saumu ana kamba ya kuanikia kutoka kwenye mnazi. Akasema kamba haionekani kutoka juu. Nikasema nguo zinaonekana. Akaweka vitone vitatu, chekundu na viwili vyeupe. Wiki nyingine nikamwambia ana banda la kuku. Akajenga banda. Usiniulize nilitaka nini, sikuwa nataka. Nilikuwa nikitaja tu, naye akiweka, na nyumba ile ikawa ndiyo nzuri kuliko zote saba, mtu akishuka na ndege ni hiyo anayoiona kwanza. Mara moja Athumani alizima kioo akanigeukia. "Dada, kule Kwa Hamadi..." Nikamkata: "Umekula?" Akasema bado. Nikaenda nikampashia kunde moto. Niliporudi alikuwa amewasha tena.

Watu husema mwenye kufiwa huwa hajui analolifanya. Mimi nilijua. Nilijua nyumba hazipo, nilijua rubani yuko, nilijua barua imesema iwe kweli. Neno moja kutoka kwangu lingemfungua mkono. Lakini neno lile likishasemwa ndani ya nyumba, ningetakiwa nilie. Wangekuja wote wakae wanitazame, Zena angenishika mabega, na mimi machozi sikuwa nayo. Kwa Bakari sikulia. Kwa Saumu nisipolia pia, wangesema mimi ni mtu gani? Ndivyo nilivyofikiri. Niliona ni afadhali Saumu awe Kwale.

Mwezi wa tatu alimaliza. Akatia diski ndani ya bahasha ngumu, akavaa shati la kazini lililobaki na vifungo vyake vya shaba, akasimama mlangoni pa chumba changu na bahasha mkononi. Hakuondoka. "Dada, naipeleka posta," akasema. "Kuna kitu ungependa nibadilishe?" Alikuwa akinitazama kama mtoto anayengoja aambiwe atoke au akae. Nadhani lau ningeonyesha dalili ndogo tu angekwenda kukaa tena mbele ya kompyuta, akazitoa nyumba zile kabla ya alasiri, na maisha yake yangekwenda njia nyingine. Nikamwambia, "Hakuna. Peleka."

Eda ikaisha. Alfajiri wakanipeleka baharini nikaogeshwa, nikavishwa leso ya rangi, nikarudishwa. Nyumbani Zena akanikalisha kitandani, akanishika mikono yote miwili, akaniambia kuhusu Saumu. Nikajilegeza nikaanguka juu ya mto. Kuanguka nilijua. Wakaniletea maji, wakanipepea kwa ukindu. Athumani alikuwa amesimama kwenye ukumbi, nikamsikia analia kwa kwikwi, mtu mzima. Alilia yeye kwa niaba yetu wawili. Wanawake wakasema mshtuko umeniziba machozi, yatakuja baadaye.

Mwezi mmoja baadaye ilikuja barua. Ilikuwa mchana, mimi nachagua dagaa uani, naye akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akaifungua. Akaisoma kimya mpaka mwisho, kisha akaanza tena kwa Kiswahili, polepole. "Wanasema rubani ameshuka Mombasa mara mbili, akatazama upande wa kushoto. Wanasema barabara ni sawasawa, minazi ni sawasawa, makuti hawajaona mtu aliyeyafanya hivi. Lakini nyumba saba hazipo. Mahali pake ni patupu. Wanasema mtu anayeweka nyumba zisizokuwapo hawawezi kumwamini kwa viwanja ambavyo hawana rubani wa kwenda kuvikagua. Malindi na Lamu na hivyo vingine wamempa mtu mwingine." Akageuza karatasi. "Hii ya Mombasa wataichukua, nikirekebisha."

"Wewe ulijua hazipo," nikasema.

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuzitoa?"

"Ningezitoaje, dada? Ulikuwa unazitazama kila siku."

Dagaa mmoja alikuwa na jiwe. Nikalitoa.

Alirekebisha siku ile ile. Nikakaa mkekani kama zamani, nikataja, naye akabonyeza. Mzee Hamadi. Nyumba ikaondoka. Bi Mwanatumu. Charo na Kadzo. Ali. Bi Riziki. Mwinyi. Ya mwisho akaniangalia. "Unataka kubonyeza wewe?" Nikasema, "Bonyeza tu." Zikaondoka makuti, banda la kuku, vitone vitatu vya nguo. Chini yake kikatokea kile kijani kitupu cha mchezo, cha kitambaa cha meza. Athumani akasema pale panataka ngozi mpya, na picha alizonazo zote ni za kabla ya moto. Inabidi mtu aende apige ardhi ilivyo sasa. Akaishika kamera, akaizungusha mikononi. "Mimi kule siwezi kurudi," akasema. Nikamwambia anipe.

Nilivaa buibui nikaenda kwa mguu. Nilitazamia majivu. Nguzo nne au tano zilikuwa zimesimama, nyeusi, na mawe ya meko matatu, lakini ardhi yote ilikuwa mchicha. Mchicha mnene, wa magoti, umeota juu ya majivu safu nzima kutoka kwa Mzee Hamadi mpaka kwa Saumu, wenyewe bila kupandwa. Katikati alikuwamo Bi Riziki, ameinama, anachuma na kutia kwenye leso. Alikuwa amepanga chumba Chaani na ameanza tena mahamri yake. Nikasimama palipokuwa mlango wa Saumu, nikaielekeza kamera chini miguuni kama nilivyofundishwa, nikapiga. Nikasogea, nikapiga. Ndege ikaja, ikashusha magurudumu juu yetu, kivuli chake kikapita juu ya mchicha upesi, ikaenda. Bi Riziki akajinyoosha kiuno.

"We Mishi, unapiga picha mboga?"

"Ya Athumani. Kazi yake."

"Wallahi nyinyi ndugu wawili! Mboga haiivi kwa kutazamwa. Njoo chukua, ni nyingi, itakomaa bure."

Nikachuma. Nilichuma pale pale niliposimama, kwa Saumu. Nikarudi nyumbani nikampa Athumani kamera, nikaingia jikoni. Mchicha wa nazi na sima. Tukala mimi na yeye peke yetu uani, sahani moja, mchana kweupe, Zena amekwenda kwa mwanawe. Athumani alikula vizuri, mara ya kwanza tangu barua. "Mboga hii tamu," akasema. "Umenunua kwa nani?"

"Imeota kwa Saumu."

Tonge likasimama mkononi mwake. Akalirudisha kwenye sahani. Akanitazama, macho yakajaa, na kidevu kikaanza kumtetema kama alipokuwa mdogo akikamatwa na kosa. "Dada," akasema, "nisamehe. Nilikuficha. Kila siku nilikaa nawe pale na nikakuficha."

"Nimekusamehe," nikasema, nikamwongezea sima.